Miguu ya Monitrisi

Kabla ya kugusa mashine, Monitrisi alikuwa anatoa biatu. Alibiweka pembeni ya mulango, ncha zikiangalia inje, kama biatu ya muntu mwenye anangojea kukimbia. Kisha alifungua mulango yote mbili, hata kama mvua inapiga, na alisukuma jiwe chini ya kila moja ili upepo isiifunge. Ni pale tu alikuwa anaenda kusimama mbele ya Twiga.

"Monitrisi, baridi inaingia!" tulikuwa tunalalamika.

"Baridi ikiweza kuingia, na wewe utaweza kutoka," alikuwa anajibu, na hakuangalia muntu.

Jina alikuwa nayo, kama bantu bote, lakini hapa Kamembe sikuisikiaka mu kinywa ya muntu. Alikuwa Monitrisi tu, sababu ni yeye alitufundishaka kushona, mi na bamaman benzangu wa ateliye, ile nyumba ya kushonea, wengi wetu tulikomalia Bukavu tangu utoto, ngambo ya mpaka, na tukarudia huku bila kazi ku mikono. Hata Padri alimuita Monitrisi. Hata bale bachuuzi ba sambaza, bale samaki badogo, bakipita barabarani waliirefusha kabisa: "Monitriiisi, leo hauli?"

Twiga ni mashine. Bageni ba mbali balituletea, ikiwa mu bipande ndani ya masanduku, na Monitrisi ndiye aliifunga, bisi, ile misumari ya kuzungusha, moja moja, na bado alikuwa anaigombeza kama mbuzi. Mashine ya kawaida, wewe unasukuma kitambaa chini ya sindano. Twiga haiko vile. Kitambaa inabaki imetandikwa ku rulo, ile bomba ya kuviringishia, na mashine yenyewe ndiyo inatembea juu yake, ku reli, unaishika na mikono mbili kama usukani ya baiskeli. Iko na shingo murefu, ndiyo maana tuliiita vile. Tunaunganisha bipande ya bitenge, tunatia pamba katikati, kitambaa ingine chini, na Twiga inashona yote tatu pamoja huku inachora maua. Inakuwa kuvreli, ya kutandika ku kitanda. Bantu ba arusi banaipenda sana.

Katikati ya kuvreli, muntu yeyote anaweza kushona. Ukikosea, maua inafunika. Kazi iko ku bordire, ile kingo inazunguka pande zote ine. Pale kila kosa inaonekana kama kovu ku uso. Monitrisi alituacha mwaka mzima bila kuigusa. Siku alinipatia bordire yangu ya kwanza, mikono yangu ilitoka jasho mpaka usukani ikateleza.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Ndiyo, Monitrisi."

"Basi uko tayari. Mwenye haogopi bordire, sitaki ashikilie sindano yangu."

Mi ni mwanamuke wa sala. Nilisoma mu kozi ya jioni, nikiwa tayari na batoto, na nilijifunza kusoma ku Biblia kuliko ku ubao. Na Biblia inatuambia musiogope, musiogope, karibu kila fasi. Huyu mwanamuke alitufundisha kinyume. Ogopa sindano. Ogopa ukuta. Ogopa mulango ya kufungwa. Na uoga yake ilikuwa inaambukiza: tulirudia kwetu mangaribi na tulianza kuangalia paa ya nyumba zetu, wapi mbao imechoka, wapi tofali imetoka. Bwana yangu alikuwa anacheka: "Tena umetoka kwa ule mama yako wa uoga?"

Alikuwa na kanuni moja, alitusemesha mpaka batoto wetu wenye kuchezea pale inje wakaijua kama wimbo: sindano juu, mikono huru, mulango wazi.

Na alikuwa na mambo ingine. Pande za kitambaa tunazishika na pensi, bibanio bidogo, ili isikunjane. Maman Furaha, mwenye nguvu kuliko sisi sote, aliivutaka ile pensi kwa hasira, mpaka bordire ikawa ngumu. Monitrisi akapita, akaigonga na kidole. Ikalia: du, du.

"Hii ni nini?"

"Nimeinyoosha, Monitrisi!"

"Umefanya ngoma. Mi sitaki ngoma mu nyumba hii. Legeza."

"Lakini inapendeza vile!"

"Inapendeza leo. Ukiitoa ku rulo itakunjana kama uso ya mama-mukwe yako. Weka kidole chini. Ukiweza kushika ile kidole kupitia kitambaa, ni sawa. Kitambaa inapaswa kupumua."

Maman Furaha alicheka mpaka machozi, sababu mama-mukwe yake alikuwa amekaa pale pale ku kiti, anakata nyuzi.

Sasa niseme juu ya mviringo.

Kila mara Monitrisi akishona bordire, akifika katikati ya upande, alisimamisha Twiga. Sindano juu. Mikono anaitoa. Alibaki amesimama na miguu wazi ku simiti, kichwa chini, kama muntu mwenye anasikiliza mutoto analia ku nyumba ya jirani. Kisha alirudilia. Pale aliposimama, uzi ilifanya kamviringo kadogo, kama jicho ya kuku. Ku kila upande, kamoja. Kuvreli yote, tumacho tune.

Sisi tulizani ni kanuni ya kazi. Nani angetuambia? Tulijifunza vile, na tulipofundisha wengine tulibafundisha vile. Kuna maman aliadibishwa na benzake juu amepita katikati bila kusimama. "Weee! Na jicho iko wapi?" Bantu ba soko walifikia kusema: kuvreli ya kweli ya ile ateliye, tafuta jicho katikati ya bordire, bila jicho, wamekuibia.

Kisha mugeni mumoja akakuja, mwanamuke mwenye kujua mashine za aina ya Twiga kule kwao. Alipapasa bordire na kidole, akafika ku jicho, akauliza kupitia mukalimani: "Kwa nini munasimama hapa?"

Tuliangaliana.

"Ni vile inafanywaka," Maman Furaha akajibu.

"Mahali pote nimeona, hawasimamaki."

"Basi bale hawajamaliza kusoma," Maman Furaha akasema, na mukalimani, Mungu amubariki, hakutafsiri.

Mi niliangalia Monitrisi. Alikuwa anapanguza sindano na kitambaa, polepole, sindano yenye ilikuwa tayari safi.

Usizani alikuwa mwoga wa kila kitu. Nyoka aliua na fimbo ya kupimia. Mwizi alikuja siku moja kuchukua nyaya ya umeme, Monitrisi akamufukuza na makasi mpaka ku barabara ya Mururu, peku vile vile, na akarudia anahema akituambia: "Mukimbio yake ni mubaya, anakanyagia kisigino." Giza haikumusumbua. Waaskari hawakumusumbua. Ziwa ikikasirika, alivuka kwenda Nkanka kuona ndugu zake huku bengine banaimba zaburi mu mutumbwi.

Ukuta ndiyo aliogopa. Alikuwa na nyumba ya tofali, mzuri, na aliipangisha, akaenda kukaa mu nyumba ya mbao ku mutelemuko ya Mururu, nyumba yenye upepo inapita kama muntu wa familia. Tulimuambia utakufa na pumu. "Mbao ikikuangukia, unaamuka unasema pole," alijibu.

Na kanisa. Hiyo ndiyo ilinisumbua mi kuliko yote. Sijaona muntu anaomba kama yeye. Alijua zaburi kwa kichwa, alifunga Kwaresima yote na chai bila sukari. Lakini siku ya yenga, Jumapili, alisimama inje, upande wa dirisha, chini ya mikalitusi, mvua ao jua. Padri alikuwa anatoka na kumupelekea komunyo pale ku majani. Bantu walisema. Ati iko na kitu anaficha. Ati muntu mwenye haingii nyumba ya Mungu, kuna mwenye anamuzuia. Mi sikusema, lakini niliogopa kwa ajili yake. Nilikuwa najiuliza, siku ya mwisho, na huko atasimama ku dirisha?

Nilijua sababu siku moja, saa kumi na moja ya jioni. Alikuwa ku bordire, sisi tunakata bipande, Twiga inanguruma na nyumba yote inatetemeka kama kawaida yake. Akafika katikati. Akasimamisha. Sindano juu.

"Tokeni," akasema.

Hatukusikia kitu. Maman Furaha akaanza: "Monitrisi, bado..."

"Tokeni!"

Tukatoka mbio, na mi nilikuwa na makasi ingali ku mikono. Tulipofika ku majani, ndiyo bioo ya dirisha ikaanza kulia. Kisha mabati. Kisha udongo ikapita chini yetu, kama ng'ombe anageuka mu usingizi. Umutingito, tetemeko ya udongo. Ilikwisha mbio. Kitu haikuanguka, rafu moja tu ya nyuzi. Bamaman wakacheka, ile kicheko ya kutetemeka, moja analia na kucheka pamoja. Monitrisi alikuwa amekaa chini, viganja ku majani.

Nikakaa pembeni yake. "Ulisikiaje? Sisi wote hatukusikia."

"Mashine ilikuwa imenyamaza."

Akavuta majani, akayaachilia.

"Maman Noella, wakati mashine inatetemeka, hauwezi kujua kama ni mashine ao ni udongo. Ndiyo maana nasimamaka. Musizani ni urembo."

Ndiyo nikaelewa yale macho yote, ku vitanda vya bibi-arusi wote wa hapa. Nikamuuliza nani alimufundisha vile.

Wote huku tunajua ile siku ya yenga ya zamani, wakati udongo ilitikisika na kanisa ikaangukia bantu ndani. Yeye alikuwa mu korali, kati ya bale banaimba. Aliniambia na sauti ya kawaida, kama anaeleza namna ya kutia uzi.

"Mudogo yangu alikuwa pembeni yangu, ku banki, ile benchi yetu ya korali. Ngoma zilikuwa zinapiga, na sisi tunacheza, banki yote inatikisika. Akanivuta nguo. Akasema, 'Yaya, udongo inatetemeka.' Nikamuambia, 'Ni ngoma. Imba.'"

Akapanguza udongo ku viganja.

"Alikuwa mutoto wa kusikia," Monitrisi akasema. "Aliimba."

Akaamuka, akapanguza majani ku jupe yake, akaenda kuhesabu nyuzi zenye zilianguka. Kutoka ile siku hakuna mwenye alilalamika tena juu ya mulango.

Sasa, binti yangu wa kwanza, Noella, alikomalia mu ile ateliye. Alilala mu kitunga chini ya meza, alijifunza kutembea kwa kushikilia miguu ya Twiga. Monitrisi alimufundisha bordire akiwa bado hajamaliza masomo, na alimugombeza kuliko wengine wote, kumaanisha alimupenda. Wakati magoti yalimushinda Monitrisi na akaacha kazi, Noella ndiye alishika Twiga.

Mwaka uliopita Noella akapata muchumba, kijana wa Nkanka, muvuvi, muntu wa adabu. Tulipokaa kupanga, nikamuuliza nani atakuwa marene, yule mama mwenye anasimama nyuma ya bibi-arusi na kumushuhudia mbele ya Padri.

"Monitrisi."

"Mwana wangu, unajua Monitrisi haingiaki."

"Najua."

"Basi tumutafute mwingine, yeye tutamupatia kiti ya heshima ku karamu."

"Maman, kama haingii, nitasimama bila marene. Fasi yake ibaki wazi, bantu bote baione."

Nilimujua mutoto yangu. Tukapanda Mururu pamoja. Monitrisi alikuwa anakaanga mihogo. Alisikiliza yote bila kugeuza kichwa.

"Kanisani," akasema. "Ndani."

"Ndani," Noella akajibu.

"Na ngoma?"

Noella akaniangalia. Mi nikaangalia mafuta. "Arusi iko na ngoma, Monitrisi," nikasema.

Mihogo ilianza kuungua na hakuigeuza. Yeye mwenye alikuwa anatuchapa vidole juu ya uzi moja ya kupotea.

"Mulango itakuwa wazi?"

"Yote mbili," Noella akasema. "Nitatia jiwe mi mwenyewe."

"Nenda nyumbani. Nitaomba."

Hakusema ndiyo. Tulishuka na ile jibu, na kutoka pale sikulala vizuri. Niliogopa mambo mbili, na kila moja ilikuwa inakula ingine. Niliogopa asiingie, na mutoto yangu asimame peke yake mbele ya kanisa yote na fasi tupu nyuma yake. Na niliogopa aingie. Sababu ile juma ya arusi, nikiwa jikoni, kifuniko ya sufuria ilianza kulia yenyewe, ti-ti-ti, ku masufuria yote pamoja. Kisha ikanyamaza. Nilipiga magoti pale pale ku majivu ya makaa. Nilisema: Bwana, wewe ndiye uliweka misingi ya dunia. Tafazali, siku ya arusi uishike.

Nilienda kuona mukubwa wa korali. "Ndugu, wakati bibi-arusi anaingia, musipige ngoma."

"Maman Noella!" akashika kichwa. "Munafanya arusi ao matanga?"

"Nakuomba."

"Nitabaambia bapige polepole. Kabisa kunyamaza, hapana, familia ya bwana-arusi watatuona kama bantu ba kilio."

Ile siku, bantu walijaa mpaka inje. Noella alikuwa ku mulango na robe yake nyeupe, na kweli alikuwa ameinama, mu robe yote ile, kusukuma jiwe. Mabinti wa familia ya Nkanka walifunika vinywa. Saa ikapita. Padri akaniangalia kutoka mbele. Nikatikisa kichwa: bado.

Kisha nikamuona anatoka nyuma ya mikalitusi. Alikuwa amevaa umushanana ya rangi ya ndizi ya kuiva, amejifunga vizuri ku bega, na kilemba. Alifika ku mulango, akainama na yale magoti yake mabovu, akatoa biatu. Akabiweka pembeni, ncha zikiangalia inje.

"Anaingia peku?" muntu moja nyuma yangu akanongona. "Uyo ni mulozi?"

"Funga kinywa," Maman Furaha akamujibu, si kwa kunongona.

Ngoma zikaanza. Polepole, lakini ngoma ya mbao nene haijui polepole: nilisikia ku banki, ku mifupa. Noella akamutolea mukono. Monitrisi akavuka mulango.

Aliangalia chini tu. Uso yake ilikuwa ya majivu. Alimubana Noella mukono mpaka maua ya Noella yakaachilia majani moja moja njiani. Walipita banki ya kwanza, ya pili, na mi nilikuwa nahesabu nguzo, nikiangalia juu, ule ukuta, ile mbao, nikijua kila ufa kama muntu anajua meno yake.

Katikati ya kanisa, alisimama.

Aliachilia Noella. Akainua mikono yote mbili, viganja wazi. Mupiga ngoma wa kwanza akamuona akaacha. Wa pili akapiga mara ingine mbili, kisha na yeye. Korali ikakatika. Kanisa yote ikanyamaza, hata batoto. Bantu ba Nkanka walizani mambo imeharibika.

Lakini bamaman wa ateliye, wote, ku banki zetu, niliona wanafanya kitu moja. Wanatoa miguu mu biatu. Maman Furaha, na ile biatu yake ya kukodi. Na mi. Tukaweka nyayo ku simiti ya baridi, vichwa chini, tukasikiliza.

Roho yangu ndiyo ilikuwa inapiga peke yake.

Monitrisi akainua kichwa. Akageukia bale ba ngoma, akabafanyia ishara na kidole, ile ishara alikuwa anatufanyia sisi wakati ya kurudilia: tia.

Wakapiga. Na nguvu, kwa uoga. Simiti yote ikatetemeka, na niliona Noella anaruka, anamushika Monitrisi ku nguo, anamuvuta.

"Ni ngoma," Monitrisi akamuambia. "Twende."

Wakaenda. Alisimama nyuma yake mpaka mwisho, peku. Watu waliimba. Mi sikuimba. Niliacha nyayo zangu ku simiti mpaka baraka ya mwisho, na macho ku ukuta, na mulango ilikuwa wazi.